Faili la Wenyeji

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza kwa nguvu, na kwa kuwa hakuna mtu wa kutoka, nitaonana na kila aliyemo ndani ya nyumba hii kila siku mpaka ikatike. Ndiyo maana nimeamua kuandika shajara. Kuna mambo mtu akiyasema kwa sauti anaitwa mchawi, akiyaandika anaitwa msomi.

Niweke wazi nani ni nani, maana huenda miaka kumi ijayo nikisoma nitakuwa nimeshawasahau, Mungu akinijalia. Nyumba ni ya kaka yangu mdogo. Nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kusoma, na matokeo yake ni mwanamume mzima, mwenye mvi, anayejua majina ya makipa wa nchi zisizomjua yeye. Anabeti. Mkeka wake anauita "uwekezaji". Mke wake, wifi yangu, ana saluni katika chumba cha mbele na mdomo usio na swichi. Kwa hiyo nyumba hii ina wifi wawili, mmoja wa mtandao, ukutani, na mmoja wa saluni. Wa ukutani angalau kuna wakati hukatika.

Mimi nina chumba cha nyuma, meza, kompyuta, na kazi ya heshima: nasahihisha lugha ya vitabu kabla havijachapwa. Watu wenye shahada tatu wananiletea sentensi zisizo na kitenzi, nami nazivalisha nguo zitoke nje. Sasa hivi nina muswada wa Daktari mmoja, unaitwa Kuishi Vizuri na Wenzako. Sentensi ya kwanza inasema: "Binadamu ni mtu." Nimeweka alama ya kuuliza pembeni.

Halafu kuna binti wa kaka. Tunamwita Kimya kwa sababu katika nyumba ya watu wawili wanaopiga kelele na mmoja anayewasahihisha, yeye alichagua kazi iliyobaki. Huyu ndiye pekee humu ndani ambaye sijamkatia tamaa. Amekubaliwa kwenye masomo ya matayarisho ya chuo cha ukunga, masomo ya mtandaoni, Jumatatu na Alhamisi asubuhi msimu wote wa mvua, halafu mtihani. Anayefaulu anaingia chuoni mwezi wa sita. Anayekosa vipindi sita jina lake linafutwa. Masomo yanafunguka kwenye kompyuta tu, simu hayaitambui, na kompyuta humu ndani ni moja, yangu. Nimempa asubuhi zangu mbili. Sijawahi kumpa mtu asubuhi zangu, hata yule bwana aliyewahi kutaka kunioa.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Daktari ameandika "kuheshimiana baina ya wewe na wenzako kwa pamoja". Nimekata maneno saba, likabaki moja, na halikupungukiwa kitu.

Jumatano, 11 Machi

Kaka ameingia chumbani kwangu nilipokuwa naoga, akatumia kompyuta yangu kubeti. Hakujua hata kufuta alama zake. Nimekuta kurasa za kubeti zimejipanga juu ya kioo na kiti kimebonyea kwa makalio yake.

Nimempigia Fundi Tayari. Jina lake halisi halijulikani. Anaitwa hivyo kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu: ukimwuliza kama printa imepona, tayari, kama amekula, tayari, kama mama yake amepata nafuu, tayari. Nimempa maagizo yote kwa sentensi moja iliyonyooka, kuhusu tovuti za kubeti za kaka, kuhusu tovuti tatu za chuo anazozihitaji Kimya, na kuhusu nenosiri la kulinda kazi hiyo, ambalo asipewe mtu yeyote. Aliitikia "Tayari, mama" kabla sijamaliza. Watu wengine masikio yao ni mapambo.

Alhamisi, 12 Machi

Nilikwenda mjini kwa mchapishaji. Niliporudi nimekuta nyayo za tope za Fundi kutoka mlangoni mpaka mezani na kurudi.

"Amesemaje?" nilimwuliza Kimya.

"Amesema tayari."

Alikuwa anaangalia sakafu. Nikamwambia asijali, tope litapigwa deki.

Ijumaa, 13 Machi

Kaka amejaribu. Nimemsikia akibonyeza, akabonyeza tena, halafu akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyefiwa.

"Dada, kompyuta yako mbovu."

"Kompyuta yangu imepata akili."

Siku nzuri sana.

Jumatatu, 16 Machi

Kipindi cha kwanza. Kimya alikuja amechana nywele, ana daftari jipya na kalamu mbili. Akaandika anwani ya chuo. Kompyuta ikamwambia ukurasa huu haupatikani.

"Umekosea kuandika," nikamwambia.

Akaandika tena, herufi moja moja, kidole kimoja. Haupatikani. Tukajaribu tovuti ya pili, ile ya vipindi vyenyewe, na ya tatu, ya mitihani. Hazipatikani. Nikamtania: "Labda chuo kimekuona mapema kikaghairi."

Hakucheka. Alikunja daftari, akaenda saluni kumsaidia mama yake kuosha watu vichwa. Mtoto mzuri, ila hana utani.

Jumatano, 18 Machi

Daraja limekwenda na maji. Sisi tumebaki ng'ambo hii, na kila mtu mwenye kompyuta ya kukodisha kwa saa amebaki ng'ambo ile. Kaka anasema pesa za hili daraja ziliishia kwenye mkeka wa mtu. Kwa mara ya kwanza mwaka huu amesema kitu chenye maana, na nahisi hakukusudia.

Alhamisi, 19 Machi

Nimezima, nimewasha. Nimezima tena, nimehesabu pumzi kama wanavyoshauri, nimewasha. Haupatikani. Kipindi cha pili kimepita.

Kaka alisimama mlangoni anakula. "Si umpigie Tayari?"

Simpigii. Mtu anayejibu kabla hujasema huwezi kumwuliza swali. Na nimesahihisha vitabu vya fizikia. Siwezi kushindwa na kisanduku chenye vitufe.

Jumamosi, 21 Machi

Tumehamisha modemu. Kwanza dirishani, halafu juu ya kabati, halafu kaka akasimama juu ya kiti ameishika juu kama kombe. Tovuti za habari zinafunguka. Ya hali ya hewa inafunguka, inatangaza mvua, kana kwamba hatuoni. Ya mchapishaji inafunguka. Nikamwambia kaka ajaribu ukurasa wa chuo kwa simu yake, kwa mtandao huu huu. Ukafunguka hapo hapo, picha ya wanafunzi wanaotabasamu. Kwa hiyo mtandao ni mzima na chuo ni kizima. Ugonjwa uko ndani ya kompyuta.

Wifi aliingia na taulo begani. "Jaribu kuipangusa vumbi, wifi. Drayer yangu ikizingua naipangusa, inapona."

Nilimshukuru kwa mchango wake. Alifurahi kabisa. Kejeli kwa mtu huyu ni kumwagia bata maji.

Jumatatu, 23 Machi

Kipindi cha tatu. Nimefuta historia ya kivinjari, yote, pamoja na tovuti moja ya kamusi niliyokuwa naipenda. Haikusaidia. Nimepakua kivinjari kingine. Kimenijibu jambo lile lile kwa rangi nyingine.

Kimya alikaa pembeni na daftari lake lisilo na neno. Nilipogeuka nikamwona ananitazama mimi, hatazami kompyuta. Nikamwambia kunitazama hakutafungua kitu.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Daktari, sura ya nne: "Usikimbilie kumlaumu mwenzako kwa haraka." Kukimbilia na haraka. Nimekata haraka.

Alhamisi, 26 Machi

Leo Kimya hakuja hata kujaribu. Nimemkuta saluni anasuuza kichwa cha mteja, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko.

"Huji?"

"Haitafunguka, shangazi."

"Nani kakwambia?"

Akaendelea kusuuza. Mama yake akadakia, "Muache, wifi, leo nina wateja watano na msaidizi wangu yuko ng'ambo." Kisha akacheka kile kicheko chake cha kuku. Nimerudi chumbani. Nimeanza kuona kitu. Tangu mvua ianze, huyu mwanamke ana msaidizi wa bure. Masomo yakifunguka, msaidizi anaondoka. Masomo yasipofunguka, anabaki na povu mikononi maisha yake yote. Kipindi cha nne kimekwenda na maji machafu ya saluni.

Jumapili, 29 Machi

Nimelijua.

Nilikaa asubuhi nzima nasoma kwenye mtandao malalamiko ya watu wenye shida kama yangu. Lugha yao ni ya kutisha, nusu yao hawajawahi kuona nukta. Katikati ya takataka hizo, mmoja aliandika: tazama faili la hosts.

Kumbe kila kompyuta ina faili dogo linaloitwa hosts, yaani wenyeji. Kabla kompyuta haijaenda kuuliza huko duniani tovuti fulani inakaa wapi, inaangalia kwanza humo. Ikikuta jina limeandikwa, inaamini anwani iliyoandikwa pembeni yake, hata kama ni uongo mtupu. Sasa mtu akitaka kuzuia tovuti, anaandika jina lake na pembeni anaweka anwani ya kompyuta yenyewe. Basi ukiitafuta tovuti hiyo, kompyuta inakwenda kubisha mlango wa nyumba yake. Inabisha, inasubiri, na kwa kuwa anayetafutwa hakai humo, inarudi kukuambia hapatikani. Sikuwahi kufikiri mashine inaweza kuwa mjinga kiasi hicho. Nilidhani ni sifa ya kaka.

Nimelitafuta faili, nimelifungua. Juu kuna majina ya tovuti za kubeti, kila moja na anwani ile ile ya uongo mbele yake. Hayo ni sawa, ndiyo kazi niliyomwagiza Fundi. Chini ya hayo, bila hata mstari wa kutenganisha, kuna majina matatu ya chuo.

Mtu ameyaandika. Tovuti hazijifungi zenyewe. Kuna mtu aliona Fundi anavyowazuia wacheza kamari, akajifunza, akaja akamzuia mtoto.

Nilikwenda saluni moja kwa moja. Alikuwepo mteja mmoja chini ya drayer, na kaka amekaa kwenye kiti cha kusubiria kama kawaida yake.

"Wifi," nikasema, "umemfungia mtoto masomo."

"Nimefanyaje?"

"Umeingia kwenye kompyuta yangu, ukaandika tovuti za chuo kwenye faili la kuzuia, ili ubaki na mfanyakazi wa bure."

Aliweka kitana chini polepole. Sijawahi kumwona akifanya kitu polepole. "Wifi, mimi kompyuta yako naiogopa kuliko ninavyokuogopa wewe. Sijui hata inawashwa wapi."

"Kujifanya mjinga kumekusaidia miaka yote hii."

"Dada," kaka akasema.

"Wewe kaa kimya, mwekezaji."

Mteja akazima drayer mwenyewe ili asikie vizuri. Wifi macho yalikuwa yamejaa. Akasema, "Mtoto nimemzaa mimi. Akienda chuo, nitafunga saluni siku hiyo nimsindikize na ngoma. Wewe unadhani wewe tu ndiye unayemtakia mema, kwa sababu sisi wengine tunamtakia kwa Kiswahili kibovu."

Kimya alikuwa amesimama karibu na beseni. "Shangazi," akasema, "Fundi alisema..."

"Subiri, watu wazima wanaongea," nikamwambia.

Akasubiri. Nikamalizia niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo mengi, na mengine hayakuhusu kompyuta. Niliporudi chumbani nilijisikia vizuri kabisa.

Jumatatu, 30 Machi

Kipindi cha tano. Niliamka mapema niifute ile mistari mitatu kabla ya saa ya masomo. Nimeifuta. Nikahifadhi. Kompyuta ikasema: huna ruhusa.

Kompyuta nimenunua mimi, meza ni yangu, umeme nachangia. Huna ruhusa.

Nimehifadhi faili mahali pengine kisha nikajaribu kuliburuta lirudi kwao. Likadai nenosiri la msimamizi. Nikajaribu kwa njia ya pembeni, likajibandika mkia mwishoni mwa jina, likawa si hosts tena bali hosts.txt, na kompyuta ikaendelea kulisoma lile la zamani kana kwamba langu ni la mtoto wa kambo. Nenosiri analo Fundi Tayari. Nikameza mate machungu, nikampigia.

"Fundi, nipe nenosiri la kompyuta yangu."

"Mama, ulisema asipewe mtu yeyote."

"Mimi si mtu yeyote. Mimi ndiye niliyesema."

"Sasa nitajuaje ni wewe?"

"Unaijua sauti yangu!"

"Sauti za watu zinaigwa siku hizi, mama. Halafu kaka yako ni mjanja. Subiri, wanaweka daraja la mbao, nitakuja mwenyewe."

Nilikuwa bado natukana kwa heshima, laini ikakatika. Hajawahi kutii agizo la mtu hata moja maishani mwake, na sasa ameamua kuanza na langu.

Jumanne, 31 Machi

Wifi hasemi nami. Chakula changu kinakuja na kaka, anakiweka chini, anaondoka. Nyumba imetulia. Nilikuwa naomba utulivu huu miaka yote.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Sijasahihisha kitu.

Alhamisi, 2 Aprili

Fundi amefika leo, tope mpaka magotini, viatu mkononi. Amefika kipindi kimeshakwisha. Kimya alikuwa amekaa mbele ya kompyuta tangu saa ya kuanza mpaka saa ya kumaliza, anautazama ukurasa usiopatikana, kwa sababu nilimlazimisha. Hicho ndicho kilikuwa cha sita.

Fundi hakuketi. Alifungua programu ya kuandikia kwa ruhusa ya msimamizi, akaandika nenosiri amegeuza bega nisione, akafungua faili la wenyeji. Akaonyesha mistari mitatu ya chuo.

"Nitoe hii?"

"Itoe. Na uniambie nani aliingia humu akaiweka, maana una akili ya kutosha kuona alama za mtu."

Akanigeukia. "Mimi."

"Wewe?"

"Si uliniagiza?"

Nilicheka. Nakiri nilicheka kwa kumdharau, kicheko kile ninachocheka Daktari akiandika "kupanda juu". "Nilikuagiza mimi? Nilisemaje?"

Fundi Tayari akafumba macho. Na yule mtu ambaye siku zote nimesema hasikii, akarudia maneno yangu yote, hata na sauti akaiga, yaani sauti ya mwanamke anayeongea na mbwa wa jirani: "'Fundi, nisikilize vizuri kwa sababu sirudii. Zile za kubeti mfungie kaka, na hizi tatu za chuo mfungie binti, halafu uweke nenosiri asipewe mtu yeyote.' Nikasema tayari. Nikafunga zote."

"Mfungie binti," nikasema, "ni umwekee! Umwandalie! Kama mtu anavyofungiwa mita ya umeme! Kama unavyofunga dishi juu ya bati!"

"Na mfungie kaka?"

"Mfungie kaka ni umzuie."

Akanitazama, si kwa ubaya. "Mama. Kwa pumzi moja?"

Nimekaa na lugha hii maisha yangu yote, nimewatoa watu jasho kwa kiambishi kimoja, na nikachukua kitenzi kimoja nikakitumia mara mbili katika sentensi moja, kwa maana mbili zinazopigana, nikaona nimenyooka. Kama Daktari angeniletea sentensi hiyo ningeisoma kwa sauti mezani watu wacheke.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. "Hata mimi ningezuia," akasema, akaondoka. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumapili, na hayana kosa.

Fundi akafuta mistari, akahifadhi, akaifanya kompyuta isahau anwani ilizokariri, akafunga kivinjari na kukifungua tena. Picha ya wanafunzi ikatokea, wanatabasamu. Nilitaka kuwapiga.

"Tayari," akasema.

Ijumaa, 3 Aprili

Nilikwenda saluni kuomba radhi. Hapakuwa na wateja. Nilikuwa nimeiandaa, sentensi nne, za kweli. Wifi alisikiliza mpaka mwisho.

"Samahani yako ina nukta na mikato yote," akasema. "Nimeipokea. Lakini kaa hapo kwenye kiti, wifi, hicho kichwa chako sivumilii tena kukitazama." Akaniosha nywele na kuniongelesha kwa muda mrefu sana, kuhusu watu nisiowajua na magonjwa yao. Sikumkatiza. Maji yalikuwa ya moto mno, na hilo nalo sikulisema.

Jumatatu, 6 Aprili

Kimya aliandika anwani. Ikafunguka. Akaweka jina lake na neno lake la siri, na ukurasa ukamjibu kwa heshima kwamba jina lake limefutwa kwa kutohudhuria.

Nikampigia msajili wa chuo. Kijana, kwa sauti yake, mmoja wa wale wanaosema "sawa sawa" kabla ya kila kitu.

"Sawa sawa, mama. Sababu ya kutohudhuria ni nini?"

Ningeweza kusema daraja. Ningeweza kusema fundi. Daraja lilikuwa limevunjika kweli na fundi alikuwa fundi kweli. Kimya alikuwa amesimama pembeni yangu, nikasema ukweli: kwamba mimi, shangazi yake, nilitoa agizo lenye maana mbili. Akataka kujua agizo gani. Nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa, akamwita mwenzake aje asikie, nikarudia. Kisha akasema sheria ni sheria, vipindi ni sita, jina halirudi. Binti anaweza kujiandikisha awamu ijayo, mvua zikiisha, aanze kipindi cha kwanza, na akifaulu ataingia mwakani.

Kicheko chake kilikuwa cha haki, na jibu lake pia. Nimemchukia kwa yote mawili.

Jumatano, 8 Aprili

Nitakwenda chuoni mwenyewe. Daraja la mbao linapitika kwa miguu. Nitamtafuta mkuu wa chuo, siyo vijana wa sawa sawa. Nimeanza kupanga maneno yangu.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua imepungua leo, ya manyunyu tu. Kimya alikuja chumbani nikipasi gauni la kwendea chuoni. Akakaa kitandani, jambo ambalo halifanyi.

"Usiende, shangazi."

"Naenda. Wewe kosa si lako."

"Nitaanza upya mvua zikiisha. Nimeshajiandikisha, kwa simu ya baba, ukurasa wa kujiandikisha unakubali." Akainyoosha shuka kwa kiganja. "Nataka nikuambie kitu, usinikatize."

Nikaweka pasi wima.

"Fundi alivyokuja ile siku ya kwanza nilikuwepo. Aliniambia, 'Shangazi yako ameagiza nikufungie hizi za chuo.' Nikamwuliza kwa nini. Akasema hajui, labda nimekosea kitu. Nikajaribu, zikagoma kweli. Basi nikajua."

"Ukajua nini?"

"Kwamba umenipima ukaniona sifai."

Nilimwuliza vipi aliweza kuamini jambo kama hilo, mimi niliyempa asubuhi zangu, mimi niliyehamisha modemu mpaka juu ya kabati.

"Jumatatu nilikuja na daftari nikitumaini umeghairi. Nilidhani unaona haya kuniambia, ndiyo maana unajifanya kuhangaika. Halafu ukasema chuo kimeniona mapema kikaghairi. Nikaona ndiyo njia yako ya kuniambia. Mpaka siku uliyogombana na mama ndipo nikaelewa hukujua. Siku hiyo nilitaka kusema."

Nilikumbuka nilichomjibu. Hakuwa na haja ya kukitaja, na hakukitaja.

"Sasa kwa nini hukuniuliza, Kimya? Tangu siku ya kwanza. Neno moja tu."

Alinijibu bila hasira, vile mtu anavyomwelekeza mgeni njia. "Ningekuuliza nini, shangazi? Baba hafai. Mama hafai. Fundi hafai, Daktari hafai, kila siku mezani tunasikia. Nilijua zamu yangu itafika. Nilishangaa tu kwamba ulimtuma mtu."

Nimeumia. Sina neno lingine, na leo silitafuti. Kuna harufu ilikuwa inakuja, nikadhani ni mimi, kumbe pasi ilikuwa imeangukia gauni. Kimya aliinuka akaiondoa, akaichomoa ukutani, akarudi kukaa. Alama imebaki kifuani, haitatoka. Sikujali. Nilikaa kitandani karibu naye, magoti yakigusana, nikatafuta jinsi ya kulisema bila kulipamba, bila hila, bila kukosea tena.

"Unafaa," nikamwambia.

Aliendelea kunitazama, mikono ameikunja mapajani, ametulia, na kwa muda sikuelewa anangoja nini. Kisha nikaelewa. Alikuwa anasubiri "lakini".